Boti Pacha kwa Watu wa Mlimani

Kasulu haina ziwa, na Kibondo vilevile. Kutoka Kasulu mjini hadi Kigoma ni karibu kilomita mia moja za kushuka milima. Kutoka Kibondo ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Hata hivyo, ingia sokoni Kasulu siku yoyote utakuta dagaa wa Tanganyika wamemwagwa juu ya turubai, wanapimwa kwa kikombe na kwa sado, jirani na maharage na mihogo mikavu. Huku juu kuna watu wanaokula kutoka ziwani tangu utoto na hawajawahi kutia mguu majini. Kwa hiyo andiko la mradi wa boti ya uvuvi likitoka Kasulu, mtu asicheke. Pesa ya mkulima wa maharage nayo hutafuta pa kwenda, na ziwa ni jirani mwenye mali.

Andiko nililopewa nilipitie lilikuwa la kikundi cha vijana wa huko, ambacho sitakitaja. Ukurasa wa kwanza una picha ya boti nyeupe inayong'aa: boti pacha ya faiba, yaani katamarani, urefu wa mita saba na nusu, mashine mbili za kupachika nyuma za nguvu farasi 60 kila moja, kibanda katikati na paa la kukinga jua. Picha imetoka kwenye tangazo la nje. Boti ya namna hiyo huuzwa Australia, Afrika Kusini na Marekani kwa watu wanaotoka asubuhi kwenda bahari kuu kuvua jodari kwa ndoano na kurudi jioni. Vijana walitaka iende Tanganyika, kwenye maji ya kina, ambako walisikia kwamba samaki waitwao migebuka wangali wengi.

Nianze kwa kuwatendea haki, kwa sababu hawakuchagua ovyo. Boti yenye mitumbwi miwili iliyoachana haiyumbi ubavuni kama boti ya mtumbwi mmoja. Wavuvi watatu wakikimbilia upande mmoja kuvuta samaki, boti haiinami kuwatupa. Inaelea kwenye maji machache, inaingia ufukweni bila gati. Mashine mbili zilizokaa mbalimbali hurahisisha kugeuza, na moja ikifa katikati ya ziwa, ya pili inawarudisha nyumbani. Tanganyika ina mawimbi mafupi yaliyosimama, na dhoruba yake hufika kabla mtu hajamaliza kukunja wavu. Kwa ziwa kama hilo hizo si sifa za kupuuza. Kila familia ya mwaloni ina jina la mtu aliyezama.

Ila andiko lile liliandikwa kana kwamba ziwa halijawahi kuona boti pacha, na hapo ndipo lilipoanza kupotea.

Teremka Kibirizi au Katonga, kwenye mialo ya Kigoma, saa kumi alasiri. Mitumbwi miwili mirefu ya mbao imewekwa sambamba, imeachana mita kadhaa, imefungwa pamoja kwa miti mirefu iliyopita juu ya yote miwili na kutokeza pande zote. Kamba za nailoni zimezungushwa kwenye miti hiyo mpaka fundo limekuwa kubwa kama kichwa cha mtoto. Katikati hakuna kitu, ni maji matupu. Nyuma imepachikwa mashine moja. Vijana wanapakia taa, kamba, ndoo za kukombea maji, sufuria ya ugali. Giza likiingia wanasukuma, wanakwenda kilomita kadhaa kutoka pwani, wanawasha taa na kushusha wavu katika ile nafasi iliyo wazi, makumi ya mita chini. Kisha wanasubiri. Vijidudu vya maji hupanda kufuata mwanga, dagaa hufuata vijidudu, migebuka hufuata dagaa. Wavu unainuliwa polepole kutoka chini, unazoa vyote. Hicho ndicho kipe, na ndiyo katamarani ya Tanganyika.

Kipe nacho hakikushuka kutoka mbinguni. Zamani watu wa ziwa hili walivua dagaa kwa lusenga, wavu wa mkono wenye mpini, huku moto wa kuni ukiwaka mbele ya mtumbwi. Karabai ilipokuja, kuni zikaachwa. Katika miaka ya 1950 mtindo wa mitumbwi miwili na wavu wa kuinua ulianza kushika upande wa Burundi, kaskazini mwa ziwa, ukaenea mpaka Kigoma. Miaka hiyohiyo wafanyabiashara wa Kigiriki waliingiza meli za chuma zenye nyavu kubwa za kuzungushia, na kwa miongo kadhaa ndizo zilizoitwa uvuvi wa kisasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uvuvi huo wa meli ulikuwa umeporomoka upande wa Burundi. Vipe vikabaki. Siku hizi karabai nyingi zimebadilishwa kwa taa za betri na za sola, na mitumbwi mingine ni ya faiba, lakini umbo ni lilelile: mitumbwi miwili, miti, na nafasi wazi katikati.

Nilikwenda na picha ile Kibirizi nikamwonyesha fundi mmoja mzee aliyekuwa anatia kalafati kwenye mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leta nione."

Aliifuta mikono, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akaitazama muda mrefu. Hakuuliza bei wala ukubwa wa mashine.

"Wavu wanashushia wapi?" akauliza. "Hapa katikati wameziba."

Wameziba kweli. Boti pacha ya kiwandani ina sakafu inayounganisha mitumbwi yake miwili; hapo ndipo mvuvi anaposimama, ndipo kibanda kinapokaa, ndipo pazuri panapolipiwa. Nafasi ambayo kwa mvuvi wa Kigoma ni kiwanda chake, kwa mnunuzi wa Australia ni sebule. Boti zote mbili ni pacha, lakini moja imeundwa ili ikimbie na nyingine ili itulie.

Nilimwambia mzee kwamba vijana hawataki wavu, wanataka kuvua migebuka kwa ndoano mchana. Akakubali kwa kichwa. Kazi hiyo ipo ziwani, watu huvua kwa kamba yenye ndoano nyingi na manyoya ya kuwavutia samaki. "Wanaifanya kwa mtumbwi wa mtu mmoja," akasema, "na kasia." Halafu akarudi kwenye mbao zake.

Tuseme kikundi kimeshikilia msimamo, ni lazima boti ya kiwandani. Basi waichague kwa kulijua ziwa lenyewe. Kuna mambo matatu ambayo tangazo halitayasema, kwa kuwa liliandikwa kwa ajili ya bahari.

Kwanza ni mwinuko. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, na mashine ya petroli isiyosukumiwa hewa hupoteza karibu asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Ina maana mashine iliyoandikwa 60 inafanya kazi Kigoma kama ya 55 hivi. Si janga, ila pangaboi iliyokuja na boti kutoka pwani itakuwa nzito kwa mashine hiyo. Itaizuia isifikie mzunguko wake, mashine itakoroma, itakula mafuta na kuzeeka mapema. Pangaboi yenye mkato mdogo zaidi ndiyo dawa. Ni kifaa kimoja, lakini sijakiona katika bajeti yoyote ya andiko nililosoma.

Pili ni maji yenyewe. Tanganyika ni maji baridi, na maji ya bahari ni mazito kuliko hayo kwa asilimia mbili na nusu hivi. Boti yenye uzito wa tani mbili na mzigo wake itazama kidogo zaidi ziwani kuliko baharini, kiasi cha kusukuma lita 50 zaidi za maji. Kwa mtumbwi mpana wa kawaida usingeliona hilo. Kwa boti pacha linaonekana, kwa sababu mitumbwi yake ni myembamba, na kila kilo unayoongeza huizamisha haraka. Hapa ndipo wengi wanapokosea katika kuchagua boti pacha ndogo. Mtu anatazama upana wa sakafu, anadhani ni lori. Ukiijaza, sakafu inashuka karibu na maji, mawimbi yanaanza kuipiga kwa chini, kila pigo linarudisha mwendo nyuma na kutikisa viungo. Boti iliyosifiwa kwa utulivu inageuka kuwa ngoma. Mnunuzi makini hupima kwanza nafasi iliyopo kati ya sakafu na maji boti ikiwa imebeba watu, mafuta, barafu na samaki wa usiku mzima. Boti tupu gatini huwa nzuri daima.

Jambo zuri ni kwamba maji baridi hayali chuma kama chumvi. Boti ya aluminiamu, ambayo pwani hudai uangalizi wa kila siku, Kigoma ingedumu kwa taabu ndogo. Lakini anayeweza kuunga aluminiamu vizuri hapatikani kila mwalo, wakati faiba inazibika kwa kitambaa na gundi, na mbao kila fundi anaijua. Ningekuwa mimi, ningechagua kwa kigezo hicho kabla ya vingine vyote: ikitoboka Jumanne, nani ataiziba kabla ya Alhamisi?

Tatu ni mafuta. Mashine ya petroli ikikimbizwa hadi mwisho hunywa, kwa makadirio ya mafundi, karibu lita moja kwa saa kwa kila nguvu farasi tatu. Mbili za 60 ni lita 40 kwa saa. Punguza mwendo na matumizi yatashuka hadi nusu au chini ya hapo, lakini mwendo ndio ulionunuliwa. Kipe hukokotwa na mashine moja ndogo hadi mahali pake, kisha mashine inazimwa na taa ndizo zinazofanya kazi hadi alfajiri. Mvuvi wa kipe hununua mafuta ya kwenda na kurudi. Mvuvi wa boti ya kukimbia hununua mafuta ya kutafuta samaki mchana kutwa. Tena mashine mbili mpya nyuma ya boti nyeupe huonekana kutoka mbali, na Tanganyika ina majambazi wanaopora mashine za wavuvi usiku na mchana. Faida ile ya mashine ya pili, ya kuwarudisha nyumbani, inapungua ukiwa na sababu mbili za kuvamiwa.

Sasa niache boti, nije kwenye kalenda. Kwa maoni yangu maandiko mengi ya uvuvi hufia hapo, na hakuna anayeandika hivyo kwenye cheti cha kifo.

Andiko lile lilihesabu siku 300 za kazi kwa mwaka, kama duka. Hata wakiacha ndoano na kuvua kwa taa kama wenzao, uvuvi wa taa haujui duka. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauvuti kitu, kwa hiyo kila mwezi kuna usiku nane hadi kumi wa mbalamwezi ambao watu hukaa nchi kavu, wanashona nyavu na kunywa chai. Zinabaki kama 20. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Desemba 2021 nchi nne zinazoligawana, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana juu ya hatua za pamoja za kulinda samaki, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu. Ukiondoa hiyo, miezi tisa mara usiku 20 ni usiku 180, na hapo sijatoa upepo wa kusini, mvua, mashine mbovu na nahodha mgonjwa. Mradi uliopangiwa siku 300 na kupewa siku 180 si mradi mbaya, ni mradi mwingine kabisa.

Kufungwa kwenyewe kuna sababu. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, lakini hewa ya kuwawezesha samaki kuishi haifiki mbali chini. Uhai wote umo katika tabaka la juu, mita mia moja au mia mbili. Chakula hupanda kutoka vilindini pale upepo unapoyachanganya maji. Maji ya juu yakipata joto, yanakaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2003 walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa takribani asilimia 30. Kwa hiyo "maji ya kina walikobaki samaki wengi" ni matumaini ya mtu aliye nchi kavu. Katikati ya Tanganyika si shamba jipya ambalo halijalimwa.

Miradi ya uvuvi inayopangwa bila kulijua ziwa haikuanza Kigoma. Kenya, pale Kalokol kando ya Ziwa Turkana, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema: kuwapa wafugaji wa Turkana riziki nyingine wasitegemee mifugo inayokufa kwa ukame. Kiwanda kilifanya kazi kwa siku chache tu. Umeme wa kugandisha na maji safi vilikuwa ghali kuliko samaki waliopitishwa humo, na soko lilikuwa mbali. Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki wengi, ilikauka. Jengo lilibaki. Anayepita huliona bado, na wavuvi wa huko wameendelea kukausha samaki juani, ambayo ni teknolojia isiyoletewa bili.

Wala sisemi kila boti ya mpango inashindwa. Septemba 2023, Kilwa Masoko, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti 160 za kisasa za uvuvi kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Mkopo usio na riba ni jambo la maana. Mvuvi amezoea kukopa kwa mnunuzi, akamlipa kwa samaki wa bei ya kutupwa. Lakini kutokuwa na riba hakusimamishi mbalamwezi. Swali la kila boti iliyogawiwa ni rejesho linaangukia mwezi gani.

Huku juu, Kasulu na Kibondo zimeona miradi ya kila rangi, na nadhani ndiyo maana watu wake ni wepesi wa kuandika maandiko na wagumu wa kuyaamini. Desemba 2016 wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, walianza kupewa pesa taslimu badala ya sehemu ya mgao wa chakula. Wafanyabiashara wa vijiji jirani walichangamka, maana mkimbizi mwenye pesa hununua anachotaka, na anachotaka ni pamoja na dagaa. Katikati ya 2017 Serikali ilisimamisha mpango huo. Mwaka 2019 masoko ya pamoja ya kambi za Nduta, Kibondo, na Mtendeli, Kakonko, yakafungwa, na mwaka 2021 kambi ya Mtendeli yenyewe ikafungwa. Mtu aliyekuwa amekopa ili apeleke magunia ya dagaa kwenye masoko yale hakukosea hesabu ya dagaa. Hesabu aliyokosa ilikuwa ya maamuzi yanayofanyika mbali naye, na hakuna andiko lenye safu ya kuiandika.

Na mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarudi. Vikundi vilivyokuwa vimesajiliwa na kufungua akaunti vilikaa. Vingine vilivunjika vikiwa na andiko zuri kabatini.

Wakati huohuo kuna kitu kimoja kilichobadilika kweli, nacho ni barabara. Ile ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260.6, imejengwa kwa lami kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na Serikali. Wanaoikumbuka enzi za vumbi na tope wanajua maana yake: gunia la dagaa lililokuwa likilala njiani katika masika, likipata unyevu na kuanza kunuka, sasa linafika likiwa kavu. Kwa biashara ya samaki wa Kibondo, lami hiyo imefanya kazi kuliko boti yoyote iliyopangwa.

Nilimuuliza mama mmoja anayeuza dagaa Kasulu, ananunua vipi. Kwanza aliniuliza mimi ni wa mapato au vipi. Nilipomtuliza akafungua gunia, akachota konzi, akaimimina polepole kutoka kiganja kimoja hadi kingine mbele ya macho yangu.

"Unaona, mwanangu? Hawa wa chanja, wanang'aa, hawana mchanga. Hawa wengine walianikwa chini. Mteja anatafuna mchanga mara moja tu, harudi."

"Na bei, mama?"

"Wa chanja wanaisha kwanza. Wa mchanga nawapunguza bei, na bado wananilalia."

Hakuwa na haja ya boti pacha. Alikuwa na haja ya dagaa wengi zaidi waliokaushwa juu ya chanja, hasa kuanzia Novemba hadi Aprili ambapo mvua ya Kigoma hainyeshi kwa miadi, dagaa wabichi wakiloa wanaoza kwenye beseni na mwanamke aliyewanunua alfajiri anapoteza mtaji wote kabla ya saa sita. Dagaa wanaopotea hivyo walikwisha vuliwa. Mafuta yao yalikwisha chomwa, usiku wao ulikwisha keshwa. Kuokoa hao ni kuongeza samaki bila kuongeza boti hata moja ziwani, na kwa ziwa lililowahi kufungwa miezi mitatu ili lipumue, sioni uwekezaji wenye akili kuliko huo.

Hapo ndipo ningewapeleka vijana wa Kasulu. Wao hawajui ziwa, na si aibu. Wanajua maharage, kukausha, kupepeta, kupanga madaraja, kuhifadhi ghalani mpaka bei ipande, kumjua dereva wa fuso asiyechezea mzigo. Ujuzi huo wote unahamia kwenye dagaa bila kubadilishwa. Kikundi chenye chanja za kutosha na turubai za kufunikia pale Kibirizi au Katonga, kwa kushirikiana na akina mama wa mwaloni, na stoo kavu Kasulu na nyingine Kibondo, kingeuza hata Juni, ziwa likiwa limefungwa na dagaa wameadimika. Mwenye boti miezi hiyo analipa mlinzi wa boti.

Na kama roho yao haitatulia mpaka wawe na chombo majini, basi wachukue pacha ambayo ziwa limeikubali tangu kabla ya babu zao kupata karabai ya pili: kipe, mitumbwi ya faiba au mbao nzuri, mashine moja ambayo vipuri vyake vinapatikana Kigoma mjini, taa za betri, maboya ya kujiokolea ya watu wote, na nahodha wa mwaloni mwenye hisa, asiwe kibarua. Hisa hiyo ndiyo bima. Mwenye boti anayelala Kasulu, kilomita mia moja kutoka kwenye wavu wake, hana njia nyingine ya kujua usiku ulileta ndoo ngapi. Boti ya picha ile nyeupe ingewafaa siku wakianzisha biashara ya kupeleka watalii Mahale au Gombe, na hilo ni andiko lingine.

Rai yangu kwa halmashauri za Kasulu na Kibondo, na kwa benki inayokopesha wavuvi, ni ndogo na haina gharama. Mkopo wa uvuvi au wa biashara ya dagaa usipangiwe marejesho kumi na mawili yaliyolingana. Ofisa maendeleo ya jamii akae na ofisa uvuvi, waweke tarehe za rejesho mwishoni mwa kila kipindi cha usiku wa giza, pesa inapokuwa mkononi, na waache nafasi tupu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kila mwaka ambao ziwa litafungwa. Kikundi nacho, kabla ya kutia sahihi, kimtume mwanachama mmoja akalale usiku mmoja juu ya kipe, na mwingine akashinde siku moja ya mvua kwenye chanja.